Kamera ya Samaki na Daftari la Mfugaji

Katika wilaya zetu mbili za Karagwe na Kyerwa hakuna mtu mzima asiyelijua neno "butura." Mkulima akishikwa na shida ya karo au ya ugonjwa, humwita mwenye fedha shambani, nao huitazama kahawa ingali mbichi mtini, pengine ingali maua. Mwenye fedha hutupa jicho, hukadiria magunia, hutaja bei, na biashara imekwisha. Siku ya mavuno kahawa hupimwa kwa mizani, lakini siku hiyo si mali ya mkulima tena. Serikali imeikataza biashara hiyo mara nyingi, maana aliyekadiria kwa jicho ndiye anayefaidi, na aliyelima ndiye anayepata hasara.

Nimeanza na kahawa ingawa nataka kusema habari za samaki, kwa sababu mambo haya mawili yanafanana. Samaki aliye bwawani ni kama kahawa iliyo mtini. Hujamvuna, kila siku uzito wake wabadilika, wala huwezi kumweka juu ya mizani bila kumsumbua. Siku hizi kipo chombo kinachojaribu kuondoa taabu hiyo, nacho ni kamera ikadiriayo uzito wa samaki kwa picha. Maoni yangu ni haya: chombo hicho ni chema, na yafaa tukikaribishe. Lakini kikija kikamkuta mfugaji hana mizani yake wala daftari lake, kitakuwa butura ya namna mpya. Na shule ya sekondari kama hii yetu yaweza kufanya jambo la kuzuia hayo yasitokee.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, wala si Bwana Samaki, kama wazee wanavyozoea kumwita afisa uvuvi. Basi wataalamu wanisamehe nikiingia katika shamba lao. Lakini uzito, urefu, wastani na asilimia ni mambo ya hesabu, na hesabu ikikaa darasani tu hunyauka kama mgomba usiopata samadi.

Kwanza tujiulize: ya nini kujua uzito wa samaki kabla ya siku ya kuvua? Jibu la kwanza ni chakula. Sato, ambaye ndiye hufugwa sana katika mabwawa, hulishwa kwa kadiri ya uzito wa mwili wake. Kifaranga mdogo huweza kupewa kwa siku chakula cha kiasi cha asilimia 10 ya uzito wake. Akikua kiasi hicho huteremka hata asilimia 5, na akikaribia kuvuliwa ni asilimia 3 au 2. Kwa mfugaji anayenunua chakula, hiyo ndiyo gharama kubwa kupita zote, na mara nyingi huzidi nusu ya fedha zote anazotumia.

Tupige hesabu. Mzee mmoja ana sato 1,000 bwawani, na uzito wao wa wastani ni gramu 120. Jumla ni kilo 120, na kwa asilimia 3 awape kilo 3.6 kila siku. Sasa tuseme mzee huyu hana mizani, ametazama majini, ameona migongo mipana ikipita, akasema, "Hawa hawapungui gramu 180." Atawapa kilo 5.4. Kila siku kilo 1.8 zitazama chini, na kwa siku 30 atakuwa ametupa kilo 54 za chakula. Hasara haikomi hapo. Chakula kilichozama huoza, kikioza hula hewa iliyomo majini, na asubuhi mzee huona samaki wake wako juu wakitwetea. Na kama jicho lake lingekosea upande wa pili, likasema gramu 80, samaki wangepata kilo 2.4 tu, wakadumaa, naye angesema kwamba vifaranga alivyouziwa ni vibaya.

Tena yafaa tukumbuke kwamba nchi yetu ni ya vilima na baridi kidogo. Sato hupenda maji ya joto la nyuzi 27 mpaka 30 za Selsiasi. Maji yakipoa, hula kidogo na hukua polepole. Kwa hiyo jedwali la ulishaji lililotungwa kwa ajili ya nchi za joto, lisemalo kwamba mwezi fulani samaki atakuwa na gramu kadhaa, laweza kumdanganya mfugaji wa Kayanga au wa Murongo. Umri wa samaki hautoshi kumwambia uzito wake. Hapana budi apime.

Jibu la pili ni bei. Mfugaji wa kijijini hana chumba cha barafu. Akivua samaki wote kwa siku moja, ni lazima wauzwe siku hiyo hiyo. Kwa hiyo mchuuzi akimwendea kando ya bwawa na kusema, "Nakupa kiasi fulani kwa bwawa zima," mfugaji hushawishika. Nimepata kusikia mapatano ya namna hiyo katika kijiji kimoja, na kila neno lilikuwa la macho: "wakubwa," "wa kadiri," "wengi wengi." Hakutajwa hata kilo moja. Mchuuzi alikuwa amezoea kununua mabwawa mengi, kwa hiyo jicho lake lilikuwa limefundishwa. Mwenye bwawa huvua mara moja au mbili kwa mwaka. Jicho lake litafundishwa na nini?

Sasa, njia ya kawaida ya kupima ni kuvuta wavu, kukamata samaki 50 hivi, kuwatia katika ndoo yenye maji iliyokwisha kupimwa, kusoma mizani, kutoa uzito wa ndoo na maji, kisha kugawanya kwa hesabu ya samaki. Njia hii ni nzuri na ni ya kweli. Ubaya wake ni kwamba humsumbua samaki. Wavu humtoa magamba na ule ute wa ngozi unaomkinga, na penye jeraha huingia ukungu na maradhi. Samaki aliyeshikwashikwa huweza kukataa kula siku nzima. Kwa hiyo wafugaji wengi hupima mara chache, au hawapimi kabisa. Hapo ndipo kamera inapopata kazi.

Wanafunzi wangu huuliza: picha haina uzito, yawezaje kutoa kilo? Siri iko katika kanuni moja ambayo Kidato cha Pili waweza kuifahamu. Kitu kikikua bila kubadili umbo, urefu wake ukiwa mara mbili, uzito wake huwa mara nane, yaani mbili mara mbili mara mbili. Sato wa sentimita 10 akiwa na gramu 20, basi ndugu yake wa sentimita 20 atakaribia gramu 160, wala si 40 kama wengi wanavyodhania. Kamera hupima urefu, au upana wa kivuli chote cha samaki katika picha, kisha kanuni hugeuza kipimo hicho kuwa gramu.

Mambo haya hayakuanza na kompyuta. Mwaka 1951 mtaalamu wa Uingereza, E. D. Le Cren, aliandika juu ya samaki wa ziwa Windermere, akaonyesha jinsi uzito unavyofuata urefu, na jinsi samaki wa urefu ule ule anavyoweza kunenepa na kukonda kwa majira na kwa hali ya mayai yake. Kompyuta imeongeza wepesi wa kumtambua samaki katika picha na kumpima mara elfu bila kuchoka.

Huko Norwei wafugaji wa samoni hutumbukiza kamera katika vizimba vya baharini. Kwa kawaida hutumia kamera mbili pamoja, kwa sababu ile ile iliyotufanya sisi tupewe macho mawili: jicho moja haliwezi kujua vizuri kama kitu ni kidogo kilicho karibu au kikubwa kilicho mbali. Huko Australia nako, watafiti waliwapiga picha samaki waliokwisha kuvuliwa, wa aina ya Lates calcarifer, ambaye ni jamaa wa sangara wetu wa Ziwa Victoria. Wakatafuta uhusiano wa eneo la kivuli chake na uzito wake, na mwaka 2018 wakaandika kwamba kwa picha tu waliweza kukaribia sana uzito wa mizani, wakikosea kwa asilimia chache.

Mfano unaonipendeza zaidi ni wa jodari wa Atlantiki. Samaki hawa hukamatwa kwa wavu mkubwa wangali hai, huburutwa polepole ndani ya kizimba, kisha hutiwa katika vizimba vya kunenepeshwa katika bahari ya Mediteranea. Kila nchi ina kiasi cha tani isichoruhusiwa kupita. Basi nani atamweka mizani jodari wa kilo 150 aliye hai? Zamani makadirio yalitegemea macho ya wapiga mbizi, na kila mtu alikadiria kwa faida yake. Siku hizi kamisheni ya kimataifa inayosimamia uvuvi huo, ICCAT, imeagiza kwamba samaki wanapoingia vizimbani wapigwe picha kwa kamera mbili, na wakaguzi waweze kuitazama picha ile ile anayoitazama mfugaji. Kwa hiyo kamera imekuwa shahidi kati ya watu wasioaminiana.

Wasomaji wapendwa, shahidi wa namna hiyo ndiye tunayemhitaji sisi. Lakini shahidi aliyetoka mbali hawezi kushuhudia jambo asilolijua, na hapa ndipo ninapotaka tuwe na hadhari.

Kwanza, maji yetu. Bahari ya Norwei ni angavu kuliko bwawa lililotiwa samadi ya ng'ombe. Bwawa zuri la sato huwa na rangi ya kijani, maana ule ukijani ndio chakula cha bure. Tumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na huenda usione vidole vyako. Kamera nayo haitaona. Kwetu yafaa zaidi kumpiga samaki picha juu ya ubao mweupe wenye rula, kwa dakika moja, na kumrudisha majini.

Pili, kanuni ni ya samaki yule iliyetengenezwa kwake. Sato wa sentimita 30 aweza kukaribia nusu kilo. Kambare wa urefu huo huo, kwa kuwa ni mwembamba, huenda asifikie nusu ya uzito huo. Hata sato wa bwawa la vilimani, aliyelishwa pumba tu, hawezi kuwa sawa na sato wa kizimbani katika Ziwa Victoria anayekula chakula cha kiwandani. Programu iliyofundishwa kwa samaki wanene itawahesabia samaki wembamba gramu wasizokuwa nazo. Na iliyofundishwa kwa wembamba itamnyima mfugaji mwenye bidii gramu zake.

Tatu, kosa dogo la urefu huwa kosa kubwa la uzito. Yule sato wetu wa sentimita 20 na gramu 160, ukimsoma sentimita 21, kanuni itakuambia gramu 185. Sentimita moja imezaa gramu 25 za uongo. Zidisha kwa samaki 1,000, nawe umetengeneza kilo 25 zisizokuwamo bwawani.

Nne, wanaokuja mbele ya kamera si wote. Ukimwaga chakula, wakubwa na wenye ubavu ndio hutangulia, na wadogo hubaki nyuma. Tena uzito wa samaki mmoja hautoi uzito wa bwawa mpaka ujue idadi, na mdiria na fisi maji hawaandiki katika daftari wale waliowachukua.

Hayo yote ni sababu za kuipima kamera kabla ya kuiamini. Mizani ya dukani haiaminiwi kwa kuwa inang'aa. Wakala wa Vipimo huikagua kwa mawe ya uzito unaojulikana, na iliyo pungufu hukataliwa. Lumbesa nayo imekatazwa kwa sababu gunia si kipimo cha haki mpaka liwekwe mizani. Siku mchuuzi atakapokuja kando ya bwawa na simu yake, akapiga picha na kusema, "Kompyuta imesema wastani ni gramu 140," nani ataikagua kompyuta hiyo? Mtoto wa mfugaji, aliyesoma kidato cha nne, atasimama akitazama kioo cha simu kama vile babu yake alivyotazama jicho la mnunuzi wa kahawa. Lakini kama ana daftari linaloonyesha kwamba juzi alipima samaki 50 kwa mizani, na wastani ulikuwa gramu 170, atajibu, "Bwana, hebu tuwapime kumi hapa hapa." Na bei itabadilika.

Najua wengine watanipinga. Watasema kwamba kamera ni mambo ya matajiri, na kwetu hata chakula cha samaki ni shida. Nawajibu kwamba simu yenye kamera imekwisha kufika sokoni Kayanga na Nkwenda, na programu haitangoji tuwe matajiri. Wengine watasema kwamba mfugaji mzoefu hana haja ya chombo, jicho lake latosha. Uzoefu nauheshimu, lakini jicho hulinganisha samaki wa leo na wa jana, na kwa kuwa hukua kidogo kidogo, halioni. Na wengine watauliza: kama mizani ndiyo hakimu, ya nini kamera? Jibu ni kwamba mizani itumike mara chache ili kuifundisha kamera, kisha kamera itumike mara nyingi bila kuwaumiza samaki. Vyombo hivi viwili vyasaidiana.

Sasa naja kwenye shule yetu. Naomba uongozi wa shule, pamoja na walimu wenzangu wa baiolojia na kilimo, tufikirie jambo hili muhula ujao. Tuwaombe wafugaji wawili au watatu wa jirani wenye kupenda, twende kwao mara moja kwa mwezi na kikundi kidogo cha wanafunzi. Vifaa ni vichache: mizani ndogo ya kusoma gramu, ubao mweupe wenye rula, ndoo, kitambaa kilicholowana, daftari, na simu ya mwalimu, maana wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni. Tupime samaki 50: urefu, uzito, na picha moja kwa kila mmoja. Kidato cha Pili watafute wastani. Kidato cha Tatu wachore grafu ya urefu na uzito. Kidato cha Nne wachukue logi za vipimo hivyo waone jinsi mstari uliopinda unavyonyooka, kisha watafute kanuni ya sato wa bwawa hilo.

Samaki 25 watumike kutengeneza kanuni, na wale 25 wengine waijaribu. Samaki waliotengeneza kanuni wasiwe ndio wa kuijaribu, kwa maana mwanafunzi hapewi mtihani wa maswali aliyokwisha kuonyeshwa majibu yake. Daftari la kwanza libaki kwa mfugaji, kwa kuwa samaki ni wake na habari zao ni mali yake. Shule iweke nakala, na nakala nyingine apelekewe Bwana Samaki wa halmashauri. Baada ya mwaka mmoja tutakuwa na vipimo 600 kwa kila bwawa, vya majira ya mvua na ya kiangazi. Programu yoyote itakayoletwa huku twaweza kuijaribu kwa vipimo hivyo, na kumwambia mwenyewe kwa adabu kwamba inakosea wapi.

Wanafunzi wenzetu wataondoka na kitu kingine pia. Kila mwaka nasikia swali lile lile: "Mwalimu, logi zitatusaidia nini maishani?" Mwanafunzi aliyetoa kanuni ya uzito kutoka kwa samaki aliyemshika kwa mikono yake, akaona kwamba inatabiri gramu za samaki asiyewahi kumpima, hataliuliza tena swali hilo.

Na ninyi wazazi wetu, nawaomba neno moja. Kijana akirudi likizo, akataka kununua daftari la senti chache na kuwapima samaki wenu, msimwambie anachezea chakula. Mpeni ndoo, mshikieni mizani. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kahawa yetu imepotea hivyo kwa miaka mingi, magunia kwa magunia, na kila mmoja wenu aweza kumtaja jirani aliyepoteza. Samaki wetu bado ni wachache na mabwawa bado ni mapya. Ni rahisi kuanza na desturi njema sasa kuliko kuivunja mbaya baadaye.

Mwalimu wa Hesabu